Kuchora bunduki ya kuwindia ndani ya sheria za Kanada: tepu inapima urefu, nasaba haipimiki (uzi mrefu)

#1 FundiKasiba

Wakuu, salaam. Kwa wasionifahamu, mimi ni fundi wa mashine za kukatia chuma, nipo Alberta mwaka wa tisa sasa. Miaka minne ya karibuni nimekuwa kwenye karakana ndogo yenye leseni ya biashara ya silaha, na kazi yetu kubwa ni kasiba (mitutu) na vitako (sehemu ya kuegemeza begani) vya bunduki za kuwindia. Kwenye uzi wa uwindaji wa wiki iliyopita kuna waliouliza mtu akitaka kubuni bunduki mpya huku aanzie wapi. Nilijibu kwa sentensi mbili, nikaona nimewapunja. Leo naandika kwa kirefu.

Msimamo wangu nauweka mezani mapema. Anza na sheria, ndipo ushike penseli. Ukianza na chuma, chuma hicho utakuja kukitupa, nami nimeshakitupa.

Sheria ya Silaha ya Kanada ni ya 1995, na tafsiri za silaha ziko kwenye kifungu cha 84 cha Kanuni ya Jinai. Bunduki zimegawanywa madaraja matatu: za kawaida, za masharti, na za marufuku. Ya kawaida unaweza kwenda nayo porini ukawinda. Ya masharti lazima isajiliwe, na matumizi yake kwa mtu wa kawaida yanaishia kwenye uwanja wa shabaha. Ya marufuku haiuziki kwa raia. Kwa hiyo mchoraji wa bunduki ya kuwindia ana shabaha moja tu, daraja la kwanza. Akikosa kwa milimita moja, mteja wake hapati cha kuendea porini.

Milimita naitaja kwa sababu. Vipimo vya kukariri ni hivi. Bunduki ya nusu otomatiki (inajipakia yenyewe, unavuta kifyatuo kwa kila risasi) inayotumia risasi za kugongwa katikati (pini inagonga katikati ya kitako cha risasi), kasiba ikiwa chini ya milimita 470, inaingia kwenye masharti. Bunduki yoyote inayoweza kufyatua ikiwa imekunjwa au kusukumwa hadi urefu wake wote ukashuka chini ya milimita 660, masharti. Ukikata kasiba ya bunduki ndefu kwa msumeno ikabaki chini ya milimita 457, au urefu wote ukawa chini ya 660, hiyo ni marufuku moja kwa moja. Angalieni hapo: sheria inaitazama kazi ya msumeno. Bunduki ya komeo (unaipakia kwa kuvuta komeo kwa mkono) iliyotoka kiwandani na kasiba fupi haimo kwenye kosa hilo, lakini ukiikata mwenyewe nyumbani hadi urefu uleule, una silaha ya marufuku mikononi.

Kasiba inapimwaje? Bunduki ikiwa tupu, na umehakikisha ni tupu kwa jicho na kwa kidole, unafunga komeo. Unachukua ufito wa mbao, unauingiza mdomoni mwa kasiba taratibu mpaka uguse uso wa komeo. Unaweka alama kwa penseli usawa wa mdomo, unauchomoa, unaulaza kando ya tepu. Chemba, pale risasi inapokaa, inahesabiwa ndani. Kifaa cha kupunguza msukumo au kuficha mwali kilichofungwa mdomoni hakihesabiwi. Kuna fundi niliyemwona akipima na kifaa chake mdomoni, akafurahia urefu ambao kisheria hana.

Sasa chuma nilichokitupa. Mwaka wangu wa pili pale karakana nilipewa kuchora kitako cha kukunja kwa bunduki ya komeo, ya mwindaji anayetembea na farasi milimani. Kasiba niliichora milimita 457, nikaiona nyepesi na nzuri. Kutoka uso wa komeo hadi nyuma ya bawaba ilikuwa milimita 191. Jumlisheni: 648. Kitako kikikunjwa bunduki inafyatua vilevile, na imepungua milimita 12 kufikia 660. Bawaba nne zilikuwa zimeshakatwa kwenye mashine. Hakuna aliyenigombeza, ila zile bawaba zilikaa juu ya meza yangu miezi mingi, na kila asubuhi nilizitazama kabla ya kuwasha mashine. Mchoro mpya ulikuwa na kasiba ya milimita 508. Ikikunjwa inasoma 699, na hakuna wa kubishana nayo.

Naendelea baadaye, zamu inaanza.

#2 BintiMorogoro

Asante kaka kwa darasa. Swali langu: kama vipimo viko wazi namna hiyo, mbona tunasikia watu wa huko wanalalamika kila mwaka kwamba bunduki zao zimepigwa marufuku? Si wapime tu wawe salama?

#3 FundiKasiba

Dada, umegonga penyewe. Vipimo vingekuwa ndiyo sheria yote, nisingeandika uzi.

Kuna njia ya pili ya kuingia kwenye marufuku, nayo ni jina. Serikali ikitoa amri ya kutaja bunduki fulani, inaandika pia kwamba marufuku inagusa "toleo lolote" la bunduki hiyo au iliyobadilishwa kutokana nayo. Ndiyo ninayoiita nasaba. Amri ya tarehe 1 Mei 2020 ilitaja aina tisa za bunduki, AR-15 ikiwamo, na matoleo yake yakafanya orodha ifike takriban modeli 1,500. Tarehe 5 Desemba 2024 zikaongezwa 324. Tarehe 7 Machi 2025 zikaja nyingine 179.

Ugumu ni kwamba sheria haisemi undugu wa bunduki unaanzia wapi. Je, ni sehemu zinazoingiliana? Ni mfumo wa gesi? Ni umbo? Wataalamu wa polisi wa shirikisho, RCMP, wanaichunguza bunduki na kuiingiza kwenye Jedwali lao la Marejeo ya Silaha. Jedwali hilo ni maoni yao ya kitaalamu, halijatungwa na Bunge, lakini ndilo muuzaji, ofisa wa forodha na polisi wa barabarani wanalolifungua.

Mfano unaokumbukwa sana huku ni wa Swiss Arms. Bunduki hizo ziliuzwa miaka mingi kihalali, watu wamezilipia fedha nyingi. Februari 2014 polisi wakafikia uamuzi kwamba ni nasaba ya SG 550 ya Uswisi, ambayo ilikuwa marufuku tangu zamani. Siku moja mtu ana bunduki halali, kesho yake ana ya marufuku, wala hajaigusa kwa bisibisi. CZ 858 ya Kicheki nayo ikakumbwa wakati uleule. Mwaka 2015 Bunge lilipitisha sheria iliyoipa serikali uwezo wa kuzirudisha, zikarudi, kisha upepo ukageuka tena.

Na kuna zilizosanifiwa Kanada kwenyewe. WK180-C ilibuniwa huku, ikapona amri ya 2020, wawindaji wakainunua wakijua wako salama. Desemba 2024 ikaingia kwenye orodha. Waliokaa kuichora walizisoma kanuni zote zilizokuwapo siku ile. Hilo linaniuma kama fundi, na nalisema bila kuficha. Milimita 470 naweza kuitii. Nasaba nitaitiije ikiwa anayeamua undugu anakuja baada ya mimi kumaliza kazi?

#4 Ndugu_wa_Likasi

Ndugu Fundi, mimi niko Montréal miaka kumi na nne. Nakusikia vizuri, lakini niruhusu niweke upande mwingine. Hapa mjini kila tarehe 6 Desemba jioni miale ya taa inawashwa juu ya mlima Mont Royal, kumi na minne, moja kwa kila mwanamke aliyeuawa École Polytechnique mwaka 1989. Muuaji alibeba bunduki ya nusu otomatiki, Mini-14, iliyonunuliwa kihalali dukani. Nimesimama pale na binti yangu ambaye anasoma uinjinia. Hizi kanuni za magazini (kisanduku cha risasi cha bunduki) mnazozisoma leo zilianza baada ya makaburi hayo. Na amri ya 2020 ilitoka siku chache baada ya mauaji ya Nova Scotia ya tarehe 18 na 19 Aprili, watu 22.

Naelewa uchungu wa fundi aliyepoteza mchoro. Ila tusiuzungumze kana kwamba sheria zilianguka tu kutoka mbinguni.

#5 FundiKasiba

Ndugu, napokea, na nashukuru umeandika. Sina neno la kupinga hapo. Katika karakana yetu tarehe hiyo tunazima mashine kwa muda, na sijawahi kuona mtu akinung'unika.

Hoja yangu haigusi kuwapo kwa sheria. Nataka sheria kali inayopimika. Mwaka 1991 Bunge lilipopitisha mabadiliko yaliyoleta ukomo wa magazini, kanuni zilizofuata ziliweka namba. Kwa bunduki ndefu ya nusu otomatiki ya risasi za kugongwa katikati ni risasi tano. Kwa bastola kumi. Fundi akisoma tano, anachonga ya tano, imekwisha.

Hata sheria mpya, ile iliyojulikana kama Muswada C-21 iliyotiwa saini tarehe 15 Desemba 2023, ina sehemu ninayoiheshimu kwa sababu hiyo. Inasema kuanzia siku hiyo ni marufuku bunduki isiyo bastola ambayo inatumia risasi za kugongwa katikati, ni nusu otomatiki, na tangu asili ilisanifiwa na magazini ya kuchomoka yenye uwezo wa risasi sita au zaidi, ikiwa imesanifiwa na kutengenezwa siku hiyo au baada yake. Unaweza usiipende, lakini unaielewa. Neno zito ni "tangu asili". Ukichora bunduki ya magazini ya thelathini kisha ukaziba ibaki ya tano, asili yake ni thelathini.

Mtakumbuka muswada huo ulivyochafuka Novemba 2022. Yaliongezwa marekebisho na orodha ndefu, na bunduki za kuwindia zikajikuta ndani. Wawindaji na jamii za Wenyeji wa Asili walipaza sauti. Hata golikipa wa wakati huo wa timu ya magongo ya barafuni ya Montreal Canadiens, Carey Price, akaweka picha yake ameshika bunduki ya kuwindia. Februari 2023 serikali ikayaondoa marekebisho hayo. SKS, bunduki ya zamani ya Kisovyeti ambayo kwa familia nyingi za Wenyeji wa Asili ndiyo bunduki ya kuleta nyama ya paa mkubwa nyumbani, imebaki nje ya orodha zile mbili za karibuni pia.

#6 MzeeRungwa

Vijana, nimewasoma. Mimi nimekuwa mfuatiliaji wa wanyama katika vitalu vya Rungwa kwa zaidi ya miaka ishirini, bunduki za wageni nimezibeba za kila namna. Nauliza: huko Kanada wana kizuizi cha ukubwa wa risasi? Kwetu mnyama hatari kama nyati au tembo hapigwi kwa bunduki chini ya .375 (kipenyo kwa inchi), ndiyo kanuni. Sisi tuna sakafu. Wao wana dari?

#7 FundiKasiba

Shikamoo mzee. Swali zuri sana, na jibu ni ndiyo, dari ipo. Amri ya 2020 ilipiga marufuku bunduki yoyote yenye kipenyo cha milimita 20 au zaidi, na yoyote inayoweza kutoa risasi yenye nishati zaidi ya jouli 10,000 mdomoni mwa kasiba. Walilenga hasa .50 BMG, risasi kubwa ya kivita, lakini dari haichagui.

Tupige hesabu pamoja. Nishati ni nusu ya uzito mara kasi mara kasi. Bunduki ya .308, risasi ya gramu 9.7 kwa mita 860 kwa sekunde, inatoa karibu jouli 3,600. Hiyo inatosha paa wa huku. Ile .375 H&H unayoijua, gramu 19.4 kwa mita 771, inafika karibu 5,800. Uko juu kidogo ya nusu ya dari na una kitu cha kusimamisha nyati. Sasa chukua .460 Weatherby, gramu 32.4 kwa mita 792: inapita 10,100. Imevuka. Bunduki ya komeo, ya kuwindia tembo, haina uhusiano wowote na vita, na Kanada ni marufuku. Kwa hiyo mtu wa huku akichora bunduki ya kumuuzia mwindaji anayekuja Rungwa, asithubutu kwenda juu ya kaliba za .416 bila kukokotoa kwanza.

#8 MzeeRungwa

Marahaba. Basi nami niwape kisa, kwa kuwa mmetaja Kanada na wanyama wakali. Alikuwapo Mwingereza George Grey, ndugu yake Waziri wa Mambo ya Nje wa Uingereza wa wakati huo, Sir Edward Grey. Mwaka 1911, Kenya ya leo, alimkabili simba akiwa na bunduki ya Kikanada, .280 Ross. Risasi nyepesi, kasi kubwa mno kwa enzi zile. Simba alipigwa lakini hakusimama, akamrarua, na Grey akafa Nairobi. Wazee waliotufundisha kazi walikuwa wakisema risasi ya kasi inavunjika kwenye misuli kabla haijafika ndani. Mchoraji ajue mnyama kwanza.

#9 FundiKasiba

Mzee, umenifungulia mlango. Ross ndiyo bunduki ninayoirudia kila ninapochora, kwa sababu ndani yake kuna mafundisho yote ya kazi hii.

Sir Charles Ross aliitengeneza Québec. Komeo lake lilivutwa moja kwa moja nyuma bila kuzungushwa, haraka kweli, na kasiba yake ilipiga shabaha kwa usahihi ambao wadunguaji wa Kikanada waliililia hata ilipoondolewa. Ila kwenye matope ya Ypres, Ubelgiji, katika Vita vya Kwanza vya Dunia mwaka 1915 komeo liligoma, askari wakawa wanalipiga kwa buti. Na komeo la toleo la Mark III, likifungwa vibaya wakati wa kusafisha, liliweza kuingia bila kujifunga sawasawa na bunduki ikafyatua hivyohivyo, likarudi nyuma usoni mwa mpigaji. Kufikia 1916 vikosi vya miguu vilikuwa vimepewa Lee-Enfield, bunduki ya Kiingereza.

Ndiyo maana kanuni yangu ya kwanza ya mchoro, kabla hata ya milimita 660, ni hii: komeo lisikubali kuingia vibaya. Mtu amelisafisha usiku hemani, vidole vimekufa ganzi kwa baridi, taa ni ya kichwani. Akikosea, lisiingie kabisa.

#10 Kijana_Printa

Fundi, mimi niko Ontario, nina printa ya plastiki nyumbani. Unaweza kunitumia faili la mwili wa hiyo bunduki nijaribu tu kwa kujifunza? DM iko wazi.

#11 FundiKasiba

Hapana, mdogo wangu, na naomba usimwombe mtu mwingine. Tangu C-21, kuwa na data ya kompyuta ya kutengenezea bunduki kwa nia ya kuitengeneza kinyume cha sheria ni kosa la jinai, na kuisambaza vilevile. Kutengeneza silaha bila leseni ni kosa kubwa zaidi. Hata mimi sichori nyumbani. Michoro inakaa kwenye kompyuta ya karakana, chini ya leseni ya karakana, na sitoki nayo.

Kama kazi unaipenda kweli, njia ipo. Soma kozi ya usalama, upate leseni ya kumiliki, umri ni miaka 18. Jifunze lathe na milling kwenye chuo cha ufundi. Kisha omba kazi kwenye karakana yenye leseni, hata ya kufagia. Mimi nilianza kwa kunoa visu vya mashine. Ukifika hapo niandikie, nitakusaidia barua ya maombi.

#12 Mkenya_Saskatoon

Fundi, sasa tuambie wewe mwenyewe ungechora nini leo. Kwetu Kenya uwindaji wa michezo ulifungwa tangu 1977, kwa hivyo mimi nimejifunzia kuwinda hapa hapa Saskatchewan, kwa baridi. Nataka bunduki ambayo miaka ishirini ijayo bado ni halali.

#13 FundiKasiba

Ndugu, ningechora ya komeo. Nusu otomatiki naiacha, si kwa kuichukia, bali kwa kuwa huko ndiko nasaba inakotafutwa. Bunduki ya komeo la kuzungusha, ya kaliba ya kawaida, orodha zote tatu zimeipita pembeni.

Kioo changu ni C19 ya Canadian Rangers, wale walinzi wa kaskazini. Tangu 1947 walitumia Lee-Enfield, bunduki ileile ya babu zetu wa KAR. Ilipozeeka, wakapewa C19, ambayo mama yake ni Tikka T3x ya Finland, ikitengenezwa kwa leseni Kitchener, Ontario. Ni .308, kasiba inchi 20, vilengeo vya chuma vilivyokingwa. Kitundu cha kifyatuo ni kipana, unaingiza kidole na glavu yake. Kirungu cha mpini wa komeo ni kikubwa, unakishika kwa mkono uliovimba kwa sufu. Kitako ni cha mbao za tabaka, chekundu, ukikiangusha kwenye theluji unakiona. Baadaye iliripotiwa baadhi ya vitako kupata nyufa, kwa mabadiliko ya joto na unyevu. Hilo nalo nimeliandika kwenye daftari. Mbao inapumua, na nchi ambayo nje ni nyuzi 40 chini ya sifuri na ndani ya kibanda ni 20 juu, inaipumulisha vibaya.

Kwa hiyo mchoro ulioko mezani sasa ni huu. Kasiba milimita 508, .308. Magazini ya risasi nne, iliyochorwa kwa bunduki hii pekee, isiyoingia kwenye bunduki nyingine yoyote. Hapo nimekuwa mkali kwa sababu ukomo wa magazini huku unafuata bunduki ambayo magazini ilibuniwa kwa ajili yake. Waliokuwa na magazini za 25 za Ruger 10/22 walidhani .22 haina ukomo, mpaka polisi waliposema magazini hizo ni za bastola ya familia hiyo pia, ukomo ni kumi. Kitako changu hakikunjwi. Mwili sijauazima popote. Kila tundu la skrubu nina karatasi yenye tarehe inayoonyesha limetoka wapi na kwa nini liko pale, ili siku wataalamu wa RCMP wakiuliza bunduki hii ni ndugu ya nani, niwafungulie daftari.

Kiwambo cha kunyamazisha sauti msiniulize, Kanada ni kifaa cha marufuku.

#14 BintiMorogoro

Kaka, hiyo karatasi ya kila skrubu imenigusa. Na komeo? Ulishalijaribu lile jambo la kuingia vibaya?

#15 FundiKasiba

Nimelijaribu, dada. Jumamosi iliyopita nilimwita kijana mpya wa karakana, hajawahi kufungua komeo maishani. Nikalivua vipande vyote, nikaviweka kwenye trei, nikazima taa ya juu, nikampa glavu nene. Nikamwambia alifunge upya jinsi anavyoona. Kichwa alikiweka kinyume mara mbili, na mara zote mbili komeo lilikwama milimita 30 kabla ya kufika chemba. Mara ya tatu likaingia, likajifunga kwa mlio mmoja.

Bado sijaridhika na springi, ni ngumu kwa mwenye mikono midogo. Wiki ijayo nakata nyingine.